Maji Yanapita Wapi? Vinamasi vya Kando ya Vijito na Usafi wa Mito

Mfereji wa Nakivubo hubeba karibu kila kitu ambacho jiji la Kampala limekitema. Unapita jirani na soko la Owino, unapokea maji ya mvua yanayoteremka vilimani, majitaka ya nyumba zisizounganishwa na bomba, mabaki ya viwanda na maji yanayotoka kwenye mitambo ya kusafishia majitaka ya Bugolobi. Baada ya hapo unaingia kwenye kinamasi cha kilomita za mraba 5 hivi, na ng'ambo ya kinamasi hicho ipo Ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria. Kilomita chache kutoka hapo, mahali paitwapo Gaba, jiji hilohilo limekuwa likivuta maji yake ya kunywa tangu enzi za ukoloni.

Kwa miongo kadhaa, kilichosimama kati ya mfereji ule na mabomba ya Gaba kilikuwa mafunjo na tope. Mwaka 1999 wachumi walioshirikiana na shirika la IUCN na mpango wa taifa wa ardhi oevu wa Uganda walijaribu kuipa bei kazi hiyo ya kusafisha maji. Walijiuliza: kinamasi kisingekuwapo, ingegharimu kiasi gani kupanua mitambo ya majitaka, au kuhamisha mahali pa kuvutia maji? Jibu lao lilikuwa kati ya dola za Marekani milioni 1 na milioni 1.75 kwa mwaka. Miaka iliyofuata Kampala ilijikuta ikizilipia gharama zote mbili. Mitambo mipya ya majitaka yenye uwezo wa lita milioni 45 kwa siku ilijengwa Bugolobi, na mtambo mkubwa wa maji ukajengwa Katosi, wilayani Mukono, mbali na ghuba ambayo maji yake yalikuwa yamezidi kuharibika.

Ni rahisi kuisimulia habari hii kama habari ya kinamasi kilichofyekwa na kujengwa viwanda. Sehemu kubwa kweli imefyekwa na kujengwa. Lakini uharibifu ulianza mapema zaidi, na kwa njia ambayo haionekani haraka kwenye ramani. Reli ya kwenda Port Bell ilikata kinamasi vipande viwili, na maji yakalazimika kupenya kwenye makalavati machache chini ya tuta. Upande wa juu wakulima walichimba mitaro ili wapate pakavu pa kupanda magimbi. Maji machafu yaliyokuwa yakitandaa kwenye uwanda mzima yakapata njia za mkato. Watafiti wawili wa Uganda, Frank Kansiime na Maimuna Nalubega, waliokichunguza kinamasi hicho kwa undani katika miaka ya 1990, walionesha kwamba uwezo wake wa kusafisha ulitegemea sana jinsi maji yalivyosambaa, na aina ya mimea iliyokutana nayo njiani. Penye mafunjo, kazi ilikwenda vizuri zaidi kuliko penye majani mengine yanayofunga zulia nene ambalo maji hayapenyi kwa urahisi.

Hapo ndipo penye kiini cha suala zima la vinamasi vya kando ya mito na vijito. Kuwepo kwa kijani kibichi ukingoni hakutoshi. Linaloamua ni njia ya maji: yanapita ndani ya kinamasi, au yanapita kando yake, juu yake, au katikati yake kwa mtaro? Sheria zetu, kampeni zetu na hata miradi yetu mingi ya kurejesha uoto haijalishughulikia swali hilo kwa uzito unaostahili.

Mtu akitaka kuelewa kwa nini, afike kwenye bonde dogo mojawapo la nyanda za juu kusini mwa Tanzania, tuseme Mufindi, wakati wa kiangazi. Akiacha nchi kavu na kuingia penye matete, mguu unazama hadi kwenye kifundo. Mkondo hauonekani. Maji yamesambaa kati ya mashina kwa kina cha vidole vitatu au vinne. Pembeni kuna utando unaong'aa rangi za upinde wa mvua, na mgeni hudhani kuna mtu amemwaga dizeli. Akiugusa kwa kijiti utando hupasuka vipande vyenye kona, na vipande hivyo havirudi kuungana. Mafuta yangeungana papo hapo. Huo ni utando wa bakteria wanaojipatia nguvu kutokana na madini ya chuma yanayotoka ardhini pamoja na maji ya chemchemi. Akichota tope kwa mkono ataona tabaka. Juu kabisa pana kahawia yenye wekundu wa kutu, chini kidogo pana kijivu, kisha weusi, na harufu ya yai viza inapanda puani.

Kazi kubwa inafanyika katika sentimita hizo chache.

Tabaka la juu lina oksijeni inayotoka hewani, na nyingine hushushwa na mizizi ya matete na mafunjo kupitia mashina yenye uwazi ndani. Tabaka la chini halina. Naitrojeni kutoka kwenye mbolea za urea na DAP au samadi ikifika hapo, bakteria wa juu huigeuza kuwa naitreti. Naitreti inayeyuka majini na ni ngumu kuishika, ndiyo maana inafika visimani na mitoni kwa urahisi. Lakini ikizama kwenye tabaka lisilo na oksijeni, inakutana na bakteria wa kundi jingine ambao, kwa kukosa oksijeni, huivuta naitreti badala yake na kuibadilisha kuwa gesi ya naitrojeni. Gesi hiyo inapanda na kurudi angani, ambako tayari ni asilimia 78 ya hewa. Mbolea iliyotoroka shambani inakuwa imeondoka kabisa majini, bila kubaki popote kwenye kinamasi.

Ndiyo maana mfano wa chujio, unaopendwa kwenye mabango na hotuba za Siku ya Ardhi Oevu Duniani kila tarehe 2 Februari, unasaidia nusu na kupotosha nusu. Chujio hushika takataka tu, na likijaa hukung'utwa. Kinamasi hushika baadhi ya vitu, huvunjavunja vingine, na vingine huvigeuza kuwa vitu vipya, vizuri au vibaya. Kila kichafuzi kina safari yake humo.

Fosforasi, kwa mfano, haina gesi ya kutorokea. Husafiri zaidi ikiwa imeng'ang'ania chembe za udongo, hivyo maji yakipunguza mwendo kati ya mashina, udongo hutua na fosforasi hutua nao. Nyingine hushikwa na madini ya chuma na alumini, nyingine huliwa na mimea. Kwa miaka kadhaa hesabu huwa nzuri. Lakini tope lina kikomo chake, na mimea ikifa na kuoza inarudisha ilichochukua. Mbaya zaidi, tope likikosa oksijeni kabisa, chuma hubadilika na kuiachia fosforasi iliyokuwa imeishika. Mtafiti wa Marekani Curtis Richardson alilionya hilo tangu 1985: kinamasi kinachomwagiwa fosforasi mfululizo huanza kuipitisha baada ya muda. Anayeelekeza majitaka ghafi kinamasini kwa matumaini kwamba asili itayamaliza anakopa, na deni hilo huja kulipwa ziwani kwa njia ya mwani na gugu maji.

Vimelea vya kuhara na kipindupindu navyo vina mwisho wao. Huko kinamasini huliwa na viumbe wadogo, hunata kwenye utelezi wa mizizi, huuawa na jua, au hufa tu kwa kuchelewa. Dawa yao kubwa ni muda. Maji yanayokaa siku kadhaa kati ya mimea hutoka yakiwa na vimelea wachache sana kuliko yalivyoingia. Yanayopita kwa dakika kumi kwenye mtaro hutoka jinsi yalivyo. Ni sawa na udongo: nusu saa ya utulivu huangusha mchanga, lakini ufinyanzi laini unataka saa nyingi. Mhandisi wa mamlaka ya maji anaujua udongo huo kwa jina la fedha, kwa sababu kadiri maji ya mtoni yanavyokuwa mazito ndivyo anavyolazimika kuongeza shabu ya kuyatulizia na klorini ya kuulia vijidudu, na mvua kubwa zikishuka huenda akalazimika kufunga mitambo.

Ushahidi wa uwezo wa ukingo ulio hai si wa hapa kwetu tu. Mwaka 1984 William Peterjohn na David Correll walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kwenye kijibonde cha mashamba katika jimbo la Maryland, Marekani. Maji kutoka mashamba ya mahindi yalipita kwenye msitu wa kando ya kijito kwa umbali wa mita 50 hivi kabla ya kufika kijitoni. Msitu huo ulizuia asilimia 89 ya naitrojeni iliyoingia humo na asilimia 80 ya fosforasi. Shamba lenyewe lilizuia asilimia 8 tu ya naitrojeni na asilimia 41 ya fosforasi. Kilichowashangaza wengi wakati ule ni kwamba sehemu kubwa ya naitreti iliyopotea haikuwa kwenye maji ya juu yanayoonekana. Ilipotea chini ya ardhi, maji yalipokuwa yakijipenyeza polepole kwenye udongo wenye mizizi na unyevu. Tafiti zilizofuata katika nchi nyingine ziliongeza sharti muhimu: pale ambapo maji ya chini ya ardhi yanapita kwa kina kirefu chini ya mizizi, au ambapo mabomba ya kukausha shamba yamezikwa na kumwaga moja kwa moja kijitoni, ukingo wenye miti mizuri kabisa haufanyi lolote kwa naitreti.

Jambo jingine ambalo haliko kwenye mawazo ya wengi ni ukubwa. Tunapotaja ardhi oevu, macho hukimbilia Malagarasi-Muyovozi, Kilombero, delta ya Tana, Sudd ya Sudan Kusini. Ni maeneo makubwa na yanastahili heshima yake. Lakini mto ni mti wenye matawi mengi, na sehemu kubwa ya urefu wa mtandao wake ni vijito ambavyo mtoto anavivuka kwa kuruka. Huko ndiko maji yanakoingia kwa mara ya kwanza kutoka mashambani, kidogokidogo, na kila mita ya ukingo inapewa mzigo inaoweza kuubeba. Mto ukishakuwa mkubwa, maji mengi yanakimbia katikati bila kugusa ukingo wowote. Kilichokosekana juu hakitafutiki kwa urahisi chini.

Na huko juu ndiko kuliko na watu. Mikoa ya Iringa na Njombe ina kilimo cha vinyungu: mashamba ya mabondeni yanayolimwa mvua zinapokatika, kwa matuta yaliyoinuliwa juu ya tope na mitaro kati yake. Hapo hupandwa mahindi ya kuchoma, maharage, viazi na mboga za majani, wakati mashamba ya mlimani yamekauka. Familia nyingi zimesomesha watoto kwa kinyungu. Viongozi kwa nyakati tofauti wamekipiga marufuku kwa jina la kulinda vyanzo vya maji, na kila marufuku imedumu kadiri njaa ilivyoiruhusu.

Ugomvi huu umeendeshwa kama vile kuna pande mbili tu: kulima au kuhifadhi. Ukilitazama bonde lenyewe, mambo yanaachana kwenye mtaro. Kinyungu chenye matuta yanayokingama na mteremko, na mitaro mifupi isiyofika kijitoni, huacha maji yakitulia, yakijaa na kuvuka taratibu. Tope linabaki bichi na bakteria wale wanaendelea na kazi. Kinyungu chenye mtaro mrefu ulionyooka kutoka mguuni mwa kilima hadi kijitoni hufanya kinyume. Hukausha tope, huingiza hewa kwenye udongo mweusi ambao ulikuwa umehifadhi naitrojeni kwa miaka mingi, huuozesha haraka na kuiachia naitrojeni hiyo, kisha huisafirisha pamoja na mbolea ya msimu huu hadi mtoni bila kikwazo. Wakulima wawili wanaweza kuwa na eneo sawa na mazao yaleyale, mmoja akawa hana madhara makubwa na mwingine akawa anamwaga mbolea mtoni. Bwana shamba anayeijua tofauti hiyo angefanya mengi kuliko mgambo anayekwenda kung'oa mahindi. Mikaratusi iliyopandwa mabondeni kwa ajili ya nguzo na kuni ni tatizo jingine la aina hiyohiyo: kwa macho ni uoto, lakini inakunywa unyevu ambao bila huo tope haliwezi kazi yake.

Sheria zimechagua kupima kwa mita. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu, au zinazoweza kuathiri hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, mabwawa na fukwe. Uganda, kwa kanuni za 2000, iliweka mita 100 kwa mito mikubwa iliyotajwa na mita 30 kwa mingine. Kenya imekuwa na kanuni za maji zinazotaja kuanzia mita 6 hadi 30 kulingana na upana wa mto, pamoja na sheria nyingine zisizolingana nazo. Mkanganyiko huo ulionekana wazi Nairobi mwaka 2018, majengo yaliyokuwa na vibali yalipobomolewa kwa kuwa yamekaa kwenye ardhi ya mto, kuanzia Westlands hadi Lang'ata.

Mita zina faida. Zinaeleweka, bikoni inaweza kusimikwa, hakimu anaweza kuamua. Kwenye jiji kama Nairobi au Dar es Salaam, ambako ujenzi wa zege hauna kurudi nyuma, mstari mgumu ni bora kuliko majadiliano. Lakini bondeni Njombe, mita 60 kila upande humeza bonde lote pamoja na sehemu ya mlima, na sheria isiyotekelezeka huishia kuwa mlango wa faini na rushwa. Kwenye uwanda wa mafuriko wa Kilombero, mita hizohizo 60 ni kipande kidogo cha ardhi oevu inayohitajiwa na mto. Na popote pale mtaro mmoja unaopita katikati ya hifadhi ya mita 60 unaifuta faida yake karibu yote, ilhali kwenye ripoti ya ukaguzi hifadhi itaandikwa kuwa ipo salama.

Mto Mara unaonesha jinsi mambo haya yanavyofungamana. Unaanzia kwenye kinamasi cha Enapuiyapui juu ya Mau, unapokea Amala na Nyangores, unapita hifadhi za Maasai Mara na Serengeti, kisha unatandaa kwenye kinamasi kikubwa cha mafunjo wilayani Tarime, Serengeti na Butiama kabla ya kuingia Ziwa Victoria karibu na Musoma. Picha za setilaiti zimeonesha kinamasi hicho cha chini kikipanuka sana tangu miaka ya 1970. Mtu angeweza kushangilia. Watafiti wameuhusisha upanuzi huo na udongo mwingi unaomomonyoka juu, ambako misitu ya Mau na vinamasi vidogo vilivyofyekwa havikuzuia tena kitu. Mzigo uliopaswa kugawanywa kwenye maelfu ya kingo ndogo umeshushwa wote mahali pamoja.

Machi 2022 maji ya mto huo karibu na daraja la Kirumi, upande wa Tanzania, yaligeuka meusi na samaki wakaelea wamekufa. Kamati iliyoundwa na Serikali ilieleza kwamba chanzo kilikuwa kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, vitu ambavyo vilimaliza oksijeni majini. Wananchi wengi, waliokwisha kuwa na wasiwasi wa muda mrefu kuhusu mgodi wa dhahabu wa North Mara, walilipokea jibu hilo kwa mashaka makubwa. Mashaka yao yanaeleweka, na dawa yake ni vipimo vinavyotangazwa mara kwa mara, siku za kawaida, kabla samaki hawajafa. Hata hivyo, kwamba mzigo wa kinyesi unaweza kuua samaki wa mto huu si dhana ya kubuni. Mwaka 2018 watafiti walionesha kuwa viboko zaidi ya 4,000 wa upande wa Kenya hujaza mabwawa ya mto kwa mabaki ya majani wanayokula, na mvua ya ghafla ikiyasukuma mabaki hayo chini, oksijeni hushuka kiasi cha kuua samaki. Kinamasi kilichorundikiwa kinyesi kwa miezi ya ukame kinaweza kufanya vivyo hivyo mafuriko yakikizoa.

Eneo hilo lina hatari nyingine inayostahili kutajwa bila kuzungukazunguka. Wachimbaji wadogo wa dhahabu kandokando ya Ziwa Victoria wametumia zebaki kwa miaka mingi. Metali nyingi, kama shaba na risasi, hutulizwa vizuri na tope jeusi la kinamasi, kwa kuwa zinaungana na salfaidi na kukaa chini. Zebaki haina utii huo. Baadhi ya bakteria wa tope lisilo na oksijeni wanaweza kuibadilisha kuwa zebaki ya methili, aina yenye sumu kali zaidi, ambayo hupanda kutoka kwa wadudu kwenda kwa samaki wadogo, kisha wakubwa, kisha kwenye sahani. Kwa zebaki, kinamasi si mahali pa kutegemea. Inabidi izuiliwe pale lilipo karasha la kusagia mawe ya dhahabu.

Naivasha, nchini Kenya, kumejaribiwa njia ya fedha. Ziwa hilo lilizungukwa na ukanda mpana wa mafunjo, na pale Mto Malewa unapoingilia palikuwa na kinamasi ambacho John Gaudet alikichunguza katika miaka ya 1970 na kuonesha jinsi kilivyokuwa kikipokea udongo na virutubisho vya mto. Ukanda huo umeliwa na mashamba, ng'ombe, nyati na kushuka kwa maji. Mwishoni mwa muongo wa 2000, mashirika ya WWF na CARE yaliwaunganisha watumiaji wa maji wa chini, wakiwemo wakulima wa maua, na wakulima wadogo wa milimani. Wa juu walipanda nyasi za kukinga udongo, wakaacha kingo zipumzike, na wakapewa hati za kununulia pembejeo. Malipo yalikuwa madogo. Wengi waliendelea zaidi kwa sababu nyasi zile zililisha ng'ombe na udongo ulibaki shambani. Hilo ni somo la maana kuliko malipo yenyewe: ukingo unaolisha mwenyewe hauhitaji askari. Matete ya kuezekea, mafunjo ya mikeka na majani ya ng'ombe wa ndani yanaweza kuwa sehemu ya ulinzi, mradi yakatwe na kutolewa nje. Mafunjo yaliyokatwa hurudi kwenye urefu wake ndani ya mwaka, na kila mzigo unaoondoka unaondoka na naitrojeni na fosforasi. Yakichomwa palepale, fosforasi inabaki kwenye majivu ikingoja mvua.

Rwanda ilichukua njia ya amri. Kinamasi cha Rugezi, kilicho kaskazini kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000, kilikuwa kimekaushwa kwa kilimo hadi maziwa ya Burera na Ruhondo yakashuka na kituo cha umeme cha Ntaruka kikapungukiwa maji, jambo lililochangia mgawo mkali wa umeme mwaka 2004. Serikali iliwaondoa wakulima kinamasini, ikasimamisha ukaushaji, ikasimamia matuta na mikanda ya nyasi na mianzi kwenye miteremko inayokizunguka, na mwaka 2005 kikaingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu. Maji yalirudi. Waliopoteza mashamba walilipa sehemu kubwa ya gharama ya mafanikio hayo, na hilo halipaswi kufichwa nyuma ya picha za korongo. Lakini Rugezi imethibitisha jambo la kitaalamu lenye thamani: kinamasi kilichokaushwa kinaweza kurudi kazini ndani ya miaka michache, mradi ukaushaji ukome na mlima utunzwe pamoja na bonde.

Pale ambapo majitaka ni ya kijiji, shule au gereza, kinamasi cha asili kisibebeshwe mzigo huo kabisa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamefanya kazi tangu miaka ya 1990 kuhusu mabwawa ya majitaka na vinamasi vya kutengenezwa: mashimo yaliyosakafiwa, yakajazwa kokoto na kupandwa matete, ambamo maji yanasukumwa kupita kati ya mizizi kwa muda uliopangwa. Moshi na Iringa ni miongoni mwa mahali palipojaribiwa. Humo njia ya maji inakuwa mikononi mwa mhandisi, na kokoto zikiziba zinafukuliwa. Anayepanga mradi wa namna hiyo akumbuke pia konokono wa kichocho na mbu. Maji yanayopita chini ya kokoto hayawapi makazi, maji ya wazi yaliyotuama huwapa.

Kwa bonde lililokwisha kukatwa mitaro, matengenezo hayahitaji fedha nyingi. Viroba vya udongo au vigingi vilivyofumwa kwa fito vikiwekwa kila baada ya hatua kadhaa kwenye mtaro huinua maji hadi yafurike pembeni. Mteremko ukiwa mkali, vizuizi vikaribiane zaidi. Matete hujirudisha yenyewe yakishapata unyevu. Ng'ombe wapewe njia moja ya kushukia, au birika la nje. Kazi iliyo ngumu ni kukubaliana nani apoteze kipande gani, na hiyo ni kazi ya kikao cha kijiji na jumuiya ya watumiaji maji, wala si ya mtaalamu aliyekuja kwa siku moja.

Na kabla viroba havijawekwa, jumuiya hiyo inaweza kupima. Mrija wa kuangalia uwazi wa maji na vijikaratasi vya kupimia naitreti ni vitu vya bei ndogo vikilinganishwa na safari moja ya gari la mradi. Maji yachotwe mahali pawili, juu ya kinamasi na chini yake, mara moja wakati wa kiangazi na mara nyingine katika saa ya kwanza ya mvua kubwa, kisha yaandikwe kwenye daftari la kijiji. Kiangazi kikionesha tofauti nzuri na mvua ikaifuta, maji yanatoroka kwa mtaro, na fundi anajua pa kuanzia. Naitreti ikishuka lakini maji yakabaki mazito, kinamasi kinafanya kazi yake na kosa liko mlimani, kwenye matuta yanayofuata mteremko. Pasipokuwa na tofauti yoyote kwa majira yote mawili, basi kilichobaki pale ni majani tu, na bodi ya maji ya bonde inapaswa kuelezwa hivyo kwa namba, pamoja na tarehe na saa ya kila kipimo.